Kuhusu macho ya mamako

Sasa Achieng',

Nimeziona zile picha, nilikuwa kazini ndio maana sikujibu usiku. Ni kweli mboni za mamako ni ndogo sana, ile nyeusi ya katikati karibu haionekani, lakini kabla uanze kulia niambie kwanza, bado anaweka yale matone ya presha ya macho? Kama chupa imeandikwa pilocarpine basi jibu ni hilo, hiyo dawa inabana mboni ndio maji ya ndani ya jicho yapate njia ya kutoka. Kawaida kwa mwanga mboni huwa milimita 2 hadi 4, gizani inafunguka hata ifike 8, sasa yake inakataa kufunguka, ndio maana stima ikipotea huko Kayole anagonga viti na kulalamika giza limeingia mapema. Na umri pia unachangia, mboni za wazee huwa ndogo tu.

Asiache dawa mwenyewe lakini, tafadhali! Glakoma, yaani huo ugonjwa wa presha ya macho, mara nyingi haiumi, inakula macho polepole na kilichoenda hakirudi. Akienda klinika aulize kama anaweza kubadilishiwa, kuna matone mengine mengi. Na wakitaka kumtoa mtoto wa jicho wajue mapema hiyo dawa anatumia, maana mboni ikikataa kufunguka daktari anapata shida kweli.

Mimi kingenishtua ni jicho MOJA tu kuwa na mboni ndogo na kope ya upande huo imelegea, hasa kama imeanza ghafla na shingo inauma. Hiyo inaweza kuwa mshipa wa shingo umechanika, ama uvimbe juu ya pafu, hapo ni kasualti siku hiyo hiyo. Ingawa watu kama 1 kati ya 5 mboni zao hazilingani kidogo na wako sawa kabisa, kwa hivyo tafuta picha zake za kitambo ulinganishe.

Jicho likiwa jekundu, linauma na halitaki mwanga, pia usingoje. Na yule binamu yako wa kupulizia nyanya shambani dawa ya wadudu bila glavu mwambie, mboni zikibaki kama nukta, mate na jasho vinamtoka, pumzi ngumu, hiyo ni sumu imeingia, akimbizwe hospitali.

Nitumie picha ya chupa leo, upande wa jina. Na taa ya korido nunua kubwa bana, hiyo yenu hata mimi sioni nayo.

Wako,
Mumbua