Samaki wa Misri hawakuwa wa bure

Kwa Mhariri,

Mimi ni mwendesha boda hapa Kisumu, steji yetu iko karibu na soko la Kibuye, na gazeti huwa tunasoma kwa zamu, moja linazunguka watu wanane mpaka jioni linafungiwa omena. Sijawahi andika barua ya gazeti kwa hivyo nikirukaruka mnivumilie. Nimeandika juu kila nguzo ya stima kutoka Kondele mpaka tauni saa hii ina posta ya kesha ya ukombozi, na nyingi zimebandikwa ule mstari wa kitabu cha Kutoka sura ya 14, simameni tu mkauone wokovu wa Bwana. Mstari ni mzuri, mamangu anaupenda sana. Lakini huo ni wa 13. Sijaona posta hata moja yenye mstari wa 15, pale Mungu anamuuliza Musa mbona unanililia mimi, waambie hao watu waendelee mbele.

Sina vita na kesha, wacha nieleze yaliyonipata.

Nilibeti miaka sita. Nilianza na mechi za Jumamosi, shilingi 50, shilingi 100, kama kila kijana wa steji, alafu ikaingia ile kamari ya ndege ya kwa simu, yenye unaitazama ikipanda na roho yako inapanda nayo, mwisho nikawa nabeti saa nane usiku ligi za nchi ambazo ukinipa ramani siwezi kukuonyesha ziko wapi. 2019 serikali iliponyima kampuni za kamari leseni nilishangilia kama Miriamu na tari lake, nikajua Farao amezama na farasi wake wote, kumbe hakukaa majini sana. Pikipiki yangu ya mkopo ilichukuliwa. Hii naendesha sasa ni ya mtu, namletea hesabu yake kila jioni.

Bibi yangu na mamangu wakakaa wakaniambia hii ni roho, si tabia, twende uombewe. Nikaenda. Kwenye nilienda sitataja, wacha ibaki hivyo. Sadaka ya kufunguliwa ilikuwa 5,000 na mimi sikuwa nayo, nikakopa kwa simu, yaani nikaingia deni ili nitolewe kwa deni. Nikawekewa mikono nikaanguka, mpaka leo sijui ni nguvu za Mungu ama ni njaa maana sikuwa nimekula tangu asubuhi, nikainuka watu wakapiga makofi, nikapewa maiki nikatoa ushuhuda. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumanne nilibeti pesa ya unga.

Sasa hiyo aibu, mhariri, ni mbaya kuliko deni. Ukirudi kusema umeanguka unaambiwa labda haukuamini vizuri, ama kuna dhambi umeficha, kwa hivyo unanyamaza, na ukishanyamaza unabeti vizuri zaidi maana hakuna mtu anakuuliza. Niliishi hivyo karibu mwaka mzima, Jumapili naimba mbele, Jumatatu niko na simu chini ya jaketi.

Kilichonishika hakikuwa mahubiri. Siku moja mvua ilitufungia stejini, ile mvua ya Kisumu ya saa kumi, na kwa boksi ya pikipiki nilikuwa na Biblia ya mamangu nilikuwa nimeipeleka kushonwa jalada. Nikafungua ovyo ovyo nikaangukia Hesabu 11. Wana wa Israeli wako jangwani, wamechoka na mana, wanalia mbele ya hema zao, wanasema twakumbuka samaki tuliokula huko Misri bure, na yale matango, na matikiti, na mboga, na vitunguu, na vitunguu saumu.

Bure!

Nilisoma hilo neno mara tatu. Hawa ni watu walikuwa watumwa. Walikanyaga udongo wakapiga matofali, watoto wao wa kiume wakatupwa mtoni, alafu leo wanakumbuka samaki na wanasema alikuwa wa bure. Mimi natoka kwa watu wa samaki, nenda ufuoni Dunga asubuhi uone kama kuna mtu atakupa ngege bure. Hao samaki walilipiwa na mgongo. Lakini ona vile akili inafanya, menyu yote imekumbukwa mpaka kitunguu saumu, bei peke yake ndiyo imesahaulika. Na mimi nilikuwa vivyo hivyo kabisa, ukiniuliza juu ya kamari nakumbuka ile siku nilishinda 14,000, nakumbuka mpaka timu na dakika goli liliingia, lakini zile nilipoteza sizikumbuki hata moja, na zilikuwa kila siku. Alafu hiyo jioni hiyo, si nikaona mesej kwa simu, umepewa beti ya bure. Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakadhani nimepagawa. Kwa Kiswahili chetu bure ni kitu hakina bei na bure pia ni kitu hakina faida, na siku hiyo zote mbili zilikuwa kwa mesej moja.

Sikuacha siku hiyo. Nasema hivyo makusudi. Lakini nilianza kusoma hiyo hadithi kutoka mwanzo, polepole, abiria wakikosa, na nikaona vitu ambavyo kesha haikuniambia. Kitabu cha Kutoka kina sura 40 na bahari wanaivuka sura ya 14, bado 26, na baada ya hapo kuna vitabu vingine vitatu vizima kabla wafike kuvuka Yordani. Na hata kuvuka kwenyewe, sisi tunaona kwa sinema bahari inapasuka mara moja kama tikiti, lakini imeandikwa upepo wa mashariki ulivuma usiku kucha. Usiku kucha, watu wamesimama gizani na magari 600 ya Farao nyuma yao. Kijana mmoja wa steji yetu, huyo amemaliza chuo na kazi amekosa, anapenda kutuambia kwamba kwa Kiebrania jina la ile bahari linaweza kusomwa bahari ya matete, si Bahari ya Shamu, na hapo wanabishana mpaka wateja wanatukimbia. Mimi nasema sawa, iwe shamu iwe matete kama yale ya ziwani kwetu, mtu ametolewa utumwani.

Kingine, Musa akienda kwa Farao mara ya kwanza mambo hayakuwa rahisi, yaliharibika. Farao alikataza majani ya kufyatulia matofali na hesabu ya matofali ikabaki ile ile, na watu wakamlaumu Musa. Wiki yangu ya kwanza kuacha ilikuwa hivyo, maana ukibeti unakuwa na matumaini ya uongo ya kulipa deni kesho, sasa ukiacha madeni yote yanakuja kukaa mbele yako siku moja, wa mkopo wa simu wanapigia mpaka shemeji yako. Ningejua hiyo sura ya 5 mapema singedhani Mungu amenitoroka.

Alafu Kutoka 13. Mungu hakuwapitisha njia ya nchi ya Wafilisti ijapokuwa ilikuwa karibu, alisema wasije wakaona vita wakarudi Misri. Yaani alijua wao ni dhaifu na hakuwakemea kwa udhaifu, aliwazungusha tu. Hapo nilipata njia yangu, na nasema njia yenyewe ya barabara. Kutoka Kibuye kwenda kwangu Manyatta njia fupi ni kupita Kondele, na Kondele kuna mahali nilikuwa naketi kubeti, mlango wake naujua gizani. Sasa nazunguka na Ring Road upande wa Nyalenda. Inanikula petroli na wenzangu wananiuliza kama nimepotea njia, lakini afadhali petroli.

Na mana. Waliambiwa waokote ya siku moja, mtu asibakishe mpaka asubuhi, na waliobakisha iliingia mabuu ikanuka. Wahubiri wengi hapo wanafundisha imani na ni sawa, lakini mimi nilielewa kama mtu wa simu. Pesa ikilala kwangu inaingia mabuu. Shilingi 300 ikibaki kwa simu saa nne usiku asubuhi hakuna. Kwa hivyo nikifika nyumbani, nikishamlipa mwenye pikipiki, yote inaenda kwa bibi yangu, yote, naamka na ya petroli peke yake. Wanaume wengine wananiambia nimekaliwa. Wacha nikaliwe. Ijumaa ndiyo anatoa ya chama na ya deni, na hiyo haiozi.

Sasa yangu kwa wachungaji na kwa nyinyi wasomaji ni hii. Mtu akitoka kwa maombi Ijumaa akaanguka Jumanne msimwambie hakufunguliwa. Hao wa Musa walivuka bahari kwa miguu yao wenyewe, wakaona Wamisri wakizama, na siku tatu baadaye walikuwa wananung'unika kwa maji machungu ya Mara, na hakuna mahali imeandikwa hawakuwa wamevuka. Mungu hakuwarudisha Misri waanze kuvuka upya na sadaka mpya. Aliwaonyesha mti wa kutia kwa maji wakanywa wakaendelea, na mbele kidogo ilikuwa mahali panaitwa Elimu, chemchemi 12 na mitende 70. Tena fundisheni hizo sura zinazofuata. Na tafadhali msiitishe mtu wa kamari 5,000, maana mimi nawaambia kwa uhakika anaitoa wapi.

Mimi nimemaliza miaka miwili na miezi kadhaa, nilianguka mara mbili hapo katikati na mara zote mbili bibi yangu alijua siku hiyo hiyo maana hesabu ilikuwa fupi. Amezoea kuniuliza nikifungua mlango, leo mana ni ngapi. Jana ilikuwa 650.

Mwendesha boda,
Manyatta, Kisumu