Washairi wa magazetini, tutoke nje

Mhariri,

Mimi ni msomaji wa ukurasa wako wa mashairi kwa miaka mingi sasa, na huwa naufungua kabla sijagusa habari za siasa wala za michezo. Naandika kuutetea ukurasa huo, na papo hapo kuuombea jambo moja ambalo naamini litawafaa wale wanaotunga kwa mapenzi tu, jioni baada ya kazi, bila kutazamia malipo: wahimizwe kutoka majumbani, waende mahali, waangalie kwa makini, ndipo washike kalamu.

Malalamiko yanayosikika kuhusu mashairi ya wasomaji ni kwamba yanafanana. Huyu anausifu umoja, yule anamsifu mama, wa tatu anawaonya vijana juu ya dunia, na ukibadilisha majina ya watunzi hakuna atakayegundua. Wanaolalamika hutoa sababu mbili. Wapo wasemao kwamba vijana hawazijui kanuni, na wapo wasemao kwamba kanuni zenyewe, vina (silabi za mwisho zinazolingana) na mizani (idadi ya silabi), zinawabana watu hata wanashindwa kusema waliyo nayo moyoni. Sikubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili. Mashairi mengi yanayochapishwa yana mizani kumi na sita iliyotimia katika kila mshororo, yaani kila mstari, nane kwa ukwapi, nusu ya kwanza, na nane kwa utao, nusu ya pili, na vina vyake vimekaa sawa. Tatizo ni kwamba mtunzi ameketi chumbani, amefunga mlango, na mbele yake hakuna kitu cha kukitungia ila maneno aliyokwisha kuyasoma kwa wenzake.

Tuko kikundi kidogo hapa Tanga, watu wa kazi mbalimbali: fundi cherehani, walimu, karani, mama mmoja msukaji wa mikeka, na kijana anayependa kupiga picha. Kila tunapopata nafasi tunatoka pamoja. Tumekwenda kwenye mapango ya Amboni, tumekwenda magofu ya Tongoni yaliyo kusini mwa mji kando ya njia ya Pangani, na tumekwenda Pangani kwenyewe. Katika safari hizo nimeona kwa macho yangu jinsi tungo zinavyobadilika, na ndiyo maana nazungumza kwa uhakika.

Nitoe mfano mmoja, kwa ruhusa ya mwenyewe. Fundi wetu wa cherehani alikuwa akitaka kuutungia mji wa Pangani kwa muda mrefu. Mshororo wake wa kwanza, alioutunga nyumbani, ulikuwa huu: “Pangani yenye uzuri, mji wetu wa zamani.” Hesabu mizani, imetimia. Lakini ondoa Pangani uweke Malindi, na hakuna kitakachoharibika, si mizani, si kina, si maana. Mshororo unaoweza kuhamishwa kutoka mto hadi mto na kutoka nchi hadi nchi bila kupungukiwa na kitu haujasema lolote juu ya mji wowote. Alikuwa amekwama hapo kwa majuma kadhaa, akidhani kwamba anakosa msamiati. Tulipofika Pangani tukakaa kando ya mto, mahali kivuko kinapopakia abiria kwenda ng’ambo ya Bweni, naye akaandika kile alichokuwa akikiona:

Kivuko kimesimama, maji yalamba ukingo,
Mama mwenye tenga zima, amekaza yake shingo,
Mbuzi wawili wagoma, kuvuka ule mlango,
Bweni kule yatazama, minazi yenye maringo.

Kanuni ni zile zile, hakuna aliyezilegeza. Tena kina cha utao alichokichagua, “ngo”, ni kigumu kuliko “ni”, ambacho humjia kila mtu bure kwa sababu jina lolote likitiwa kiambishi cha mahali huishia hapo: nyumbani, moyoni, duniani, maishani. Nimeona mashairi ya beti kumi na zaidi yanayotembea kwa “ni” tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana yote huishia duniani na maishani. Fundi wetu hakwenda kukitafuta kina kigumu. Kilimjia kwa kuwa ukingo ulikuwepo, mlango wa kivuko ulikuwepo, na shingo ya yule mama ilikuwepo mbele yake. Wale mbuzi, kwa maoni yangu, ndio wanaoubeba ubeti mzima, na hakuna mtu ambaye angewabuni akiwa amekaa chumbani anatafuta neno la kuusifia mji.

Jambo la pili tulilojifunza linahusu sikio. Shairi la Kiswahili limetungwa lighanwe, lakini wengi wetu siku hizi tunatunga kimyakimya kwenye simu, tukihesabu mizani kwa kidole. Hesabu ya kidole inaweza kutimia na mshororo ukawa umepinda, hasa pale mtunzi anapojaza nafasi kwa “kwa kweli”, “hakika”, “jamani” au “bila shaka”, maneno ambayo yamewekwa ili nane itimie na si kwa sababu kuna cha kusema. Njiani, watu wakiwa kwenye gari au wakitembea pwani, hakuna anayeona haya kughani kwa sauti, na papo hapo mwenzako anakuambia mahali pumzi ilipokatika. Inkisari, yaani kufupisha neno, na tabdila, yaani kugeuza herufi zake, ambazo ni haki ya mshairi, nazo hujulikana kwa sikio kama zimetumika kwa haja au kwa uvivu. Kulifupisha neno ili mdundo ukae ni jambo moja, na kuligeuza herufi ya mwisho kwa sababu kina kimekosekana ni jambo jingine, na ukurasa wako, Mhariri, umekuwa ukiyapokea yote mawili bila kuyatenganisha.

Mama msukaji naye ametufunza kwa namna yake. Karibu kila mshairi wa pwani ametaja mkeka wakati fulani, lakini tulipomwuliza ndipo wengine walipofahamu kwamba ukindu hutoka kwa mkindu na miyaa hutoka kwa mwaa, kwamba majani huanikwa na kuchanwa kwa upana mmoja, kwamba yale ya rangi huchemshwa ndani ya rangi, na kwamba kinachosukwa kwanza ni ukili, utepe mrefu mwembamba, ambao baadaye ndio hushonwa upande kwa upande mpaka mkeka utimie. Alituonyesha ukili aliokuwa nao mkobani, akatushikisha ukingo wake ili tuone namna jani jipya linavyoingizwa kabla la zamani halijaisha, pasionekane pa kuungia. Kuna shairi zima pale, na bado hakuna kati yetu aliyeliandika ipasavyo. Anayependa kushona kofia, kuchora, kufinyanga au kulima bustani ana maarifa kama hayo mkononi mwake, na ningependa kuyasoma kwenye ukurasa huu kuliko kusoma onyo jingine kwa vijana.

Kutunga namna hii kunaendana kabisa na asili ya ushairi wetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga juu ya mji wake, uhasama wake na majirani na mambo ya nyumbani, na watu waliyajua anayoyasema kwa sababu yalikuwa yakitokea mbele yao. Shaaban Robert, ambaye wengi tunamwona kama mtu aliyezaliwa na kazi ya uandishi, aliajiriwa kama karani wa forodha, na Pangani ni mojawapo ya vituo alivyofanyia kazi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, yakiwemo yake. Kwa hiyo karani au mwalimu anayekutumia beti zake leo yumo katika desturi ya zamani sana ya magazeti ya Kiswahili, naye anastahili kusaidiwa.

Msaada ninaouomba hauhitaji fedha nyingi. Kwanza, chini ya shairi la mtunzi mchanga mhariri wa ukurasa aweke sentensi mbili tatu zinazosema wazi ni mshororo gani umepungukiwa mizani, kina gani kimelazimishwa, na ubeti gani umesema jambo. Leo mtu hutuma tungo zake, zikachapishwa au zisichapishwe, asipate kujua kwa nini. Kukataliwa bila neno kumewavunja moyo watu ninaowafahamu, na baadhi yao wameacha kabisa kuandika, jambo linalonisikitisha sana kwa sababu walikuwa na kipawa. Pili, mara moja kwa mwezi ukurasa utoe mada iliyo mahali: stendi ya mabasi, bandari, kituo cha reli, uwanja wa mnada wa ng’ombe, kisima cha kijiji, na kila mtunzi ataje chini ya shairi lake ni mahali gani alipokaa na saa ngapi.

Najua watakuwepo wa kusema kwamba nauli zimepanda na si kila mtu anaweza kusafiri kilomita hamsini kutoka Tanga hadi Pangani ili apate ubeti mmoja. Ni kweli, na sipendi kuona ushairi ukigeuzwa kuwa starehe ya wenye nafasi. Lakini kutoka si lazima kuwe safari. Mwalimu mmoja katika kikundi chetu ana mtoto mdogo na hawezi kuondoka mjini, hivyo huenda sokoni asubuhi kama kawaida yake, isipokuwa sasa ana daftari ndani ya kikapu, na akishamaliza kununua hukaa kidogo kwenye baraza la duka na kuandika majina ya samaki, bei zinazotajwa, na maneno ya wauzaji wanapobishana na wateja. Beti anazotunga usiku kutokana na daftari hilo ni bora kuliko nyingi nilizosoma mwaka huu.

Kama ombi langu litakubaliwa, napendekeza mada ya kwanza iwe soko la samaki, la mji wowote wa pwani au wa ziwani, wakati mashua zinaingia. Wa Mwanza na Kigoma wataandika yao, wa Tanga na Mombasa yao, na wasomaji watalinganisha. Kikundi chetu kiko tayari kujitolea kupitia tungo zitakazoletwa na kuandika yale maelezo mafupi ya chini, endapo ofisi yako itakosa mtu wa kuifanya kazi hiyo.

Wako,
Msomaji na mtunzi, Tanga