Kwa vijana wa jumuiya za Pemba: msiiache imani nje ya andiko la mradi

Wanangu, assalamu alaykum.

Maandiko ya miradi mliyoniletea barazani nimeyapitia. Semina zimo, fulana zimo, lakini msikiti haumo, na mwalimu wa chuo cha Kurani hatajwi hata kwa mstari mmoja. Nasikia mnahofia mfadhili atadhani mnaeneza dini. Hofu hiyo iacheni.

Tazameni Misali, hapo magharibi ya Chake. Kisiwa kilipofanywa hifadhi mwaka 1998, sheria peke yake isingetosha: bahari ni pana, na mwenye baruti hulipua mara moja akaondoka na samaki wake. Shirika la CARE likashirikiana na IFEES, taasisi ya Kiislamu ya mazingira kutoka Uingereza, wakakaa na wavuvi na maimamu, wakarejea kwenye Kurani: binadamu ni khalifa, ardhi na bahari amekabidhiwa. Mvuvi anaweza kubishana na afisa wa uvuvi mpaka magharibi ikaingia. Sura ya Rum, inayotaja ufisadi uliodhihiri bara na baharini, habishani nayo. Ameisikia tangu yuko chuoni.

Na skuli za maandalizi za madrasa? Zilianzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan, mwaka 1990 mpango ukafika Zanzibar. Kamati ni ya wanakijiji, walimu ni wanawake wa papo hapo waliopewa mafunzo. Ingieni darasani mtazame: vifuu, kombe za pwani, vizibo vya soda. Mtoto anaanza kwa Bismillahi, kisha anapanga vizibo kwa rangi na kuvihesabu. Mzazi aliyeogopa kwamba skuli itamtoa mwanawe kwenye dini, hapo moyo humtulia.

Lakini tuelewane. Sisemi imamu aitwe siku ya uzinduzi asome dua, apigwe picha, kisha asahauliwe. Hilo linaniudhi kuliko kumwacha kabisa. Wala sisemi kheri ni ya Waislamu peke yao: wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walisomesha pale Kiungani, Unguja, watoto waliookolewa utumwani, nao ni imani iliyowaleta.

Andiko lijalo, kabla halijatoka, lisomeni kwa Kiswahili mbele ya sheha na imamu, nao wakatae wanachokikataa. Kwenye bajeti wekeni posho ya mwalimu wa chuo, kila mwezi, kama mnavyomwekea dereva. Mfadhili akiuliza sababu, mwambieni huyo ndiye atakayebaki na watoto mradi ukishafungwa.

Mzee wenu,
Chake Chake