Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: mama wa njiti si mgeni wa wodi

Ndugu Mganga Mkuu,

Pokea salamu zetu. Tunaokuandikia ni wauguzi wa watoto wachanga na wazazi wa watoto njiti wa mkoa huu. Ombi letu ni moja: mama wa mtoto njiti asihesabiwe tena kuwa mtu wa kuja kuona mgonjwa. Apewe pa kulala kando ya mwanawe tangu siku ya kwanza, usiku na mchana, hata kama mtoto bado yuko kwenye oksijeni.

Hatuombi hivyo kwa huruma peke yake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 5, pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria, zilizofanya utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Walihusika watoto waliozaliwa na gramu 1,000 hadi chini kidogo ya 1,800. Baadhi waliwekwa kifuani kwa mama mara tu walipozaliwa. Wengine walisubiri mpaka watulie, kama ilivyozoeleka. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 12 ya wale wa kwanza, na asilimia 15.7 ya wale wa pili. Tofauti kubwa ilikuwa saa za kifuani wakiwa kwenye uangalizi maalumu: karibu saa 17 kwa siku upande mmoja, saa 1 na nusu upande wa pili. Mwaka uliofuata Shirika hilo likaelekeza kangaroo, yaani mtoto kukaa ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, ianze mara moja, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Mama anayeruhusiwa kuingia asubuhi, mchana na jioni, saa moja kila awamu, hawezi kufikisha hizo saa 8 hata akijituma vipi. Anakaa kwenye benchi la nje, au anapanda daladala kurudi kwa ndugu Igoma au Buswelu, na mtoto anabaki kwenye inkubeta pamoja na wenzake wawili. Hiyo peke yake ni hatari: inkubeta moja kwa watoto watatu ndiyo njia fupi ya kuambukizana.

Maziwa nayo yanafuata saa hizohizo. Mama wa njiti anatakiwa aanze kukamua mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja baada ya kujifungua, kisha angalau mara 8 kwa siku, na mojawapo iwe usiku wa manane. Akikamua mara tatu tu kwa sababu mlango umefungwa, titi linabaki limejaa, na titi lililojaa huuambia mwili upunguze kutengeneza. Ikifika wiki ya pili anaambiwa hana maziwa, na familia inatafuta kopo dukani. Maziwa ya kopo kwa njiti yanaongeza hatari ya utumbo kuvimba na kuoza, ugonjwa unaoua haraka. Wengi wangeokolewa na maelezo ya hesabu tu. Mtoto wa gramu 1,200 akianzishiwa mililita 60 kwa kila kilo kwa siku, anahitaji mililita 72. Zigawe mara 12, unapata mililita 6 kila baada ya saa 2: kijiko kimoja cha chai na ushee kidogo. Mama anayeona dang'a, yale maziwa ya kwanza, imefunika kitako cha kikombe tu anajiona ameshindwa, kumbe ameleta mlo mzima. Aambiwe hivyo siku ileile, na aonyeshwe: kidole gumba juu na vidole chini, sentimita 2 au 3 nyuma ya chuchu, asukume kuelekea kifuani kwanza ndipo abane. Kuvuta chuchu kunamuumiza na hakutoi kitu. Akamulie kwenye kikombe chenye mdomo mpana kilichochemshwa. Maziwa yakikaa mezani zaidi ya saa 4 yamwagwe.

Kangaroo yenyewe ina ufundi, na ikikosewa inadhuru. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Akae wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande na kidevu kimeinuliwa kidogo. Kidevu kikizama kifuani, njia ya hewa inajikunja na mtoto anaacha kupumua kimyakimya. Kitenge kifungwe kwa nguvu kifuani, ukingo wa juu ufike chini ya sikio, lakini tumbo la mtoto liachwe lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Mama asilale chali kabisa. Aegemee nusu kukaa. Ndiyo maana tunasisitiza viti vya kuegemea na vitanda vinavyoinuka kichwani. Benchi la mbao humchosha mama mgongo ndani ya saa moja, na anamrudisha mtoto si kwa kutaka.

Mtoto aliye kwenye mashine ya mapovu inayosukuma hewa puani anaweza kukaa kifuani pia. Wanahitajika watu wawili wakati wa kumhamisha, mmoja abebe mtoto na mwingine mirija, kisha mirija ifungwe kwa plasta kwenye nguo ya mama isije ikavuta pua. Hapo mama anakuwa msaada usio na mfano kwa muuguzi wa zamu aliyeelemewa na watoto wengi. Afundishwe kuangalia chupa ya maji ya mashine hiyo: mapovu yakikoma, ama kifaa cha puani kimechomoka, ama mtoto ameachama, ama mrija umeachia mahali. Maji yakipungua na mwisho wa bomba kubaki sentimita 3 chini ya maji badala ya 5 au 6, mapovu yataendelea lakini mapafu hayapati presha iliyokusudiwa. Hilo la mwisho ndilo linalopita bila kuonekana. Afundishwe pia kuhesabu pumzi: ikikatika sekunde 20, au midomo ikigeuka bluu, asugue mgongo au nyayo huku akiita muuguzi. Kwa mtoto anayepewa oksijeni, kipimo cha oksijeni kwenye damu kisomeke asilimia 90 hadi 95. Watu wengi hufurahia 100, na wanakosea. Oksijeni ya kupita kiasi huharibu mishipa ya macho ya njiti, na upofu wake huonekana baadaye wakati hospitali imeshasahaulika. Kila njiti aliyepewa oksijeni aondoke na tarehe ya kupimwa macho, wiki 4 hivi baada ya kuzaliwa.

Tunajua hoja itakayotolewa: akina mama wataleta vijidudu. Katika utafiti tuliotaja, watoto walioshukiwa kupata maambukizi ya damu walikuwa wachache zaidi kwenye kundi lililokaa na mama. Kinachohitajika ni maji yanayotoka. Pete na saa zivuliwe, kucha zikatwe, mikono ioshwe hadi kiwiko kwa sabuni, na bomba likikauka pawe na ndoo yenye koki iliyojazwa tangu jana yake. Mtu wa kuzuiwa ni mwenye kikohozi, awe mama au daktari.

Akiwa mama amefanyiwa upasuaji, baba aingie. Kifua cha baba kina joto lilelile, na bibi naye anafaa. Baba wa njiti kuzuiwa mlangoni kwa sababu hii ni wodi ya akina mama ni jambo linalotuuma sana.

Sasa kuhusu ziwa. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko kwa wanaotoka Sengerema na Geita. Lakini kutoka Ukara, Kome na Maisome bado ni safari ya majini, na upepo wa ziwa usiku hauna simile kwa mtoto wa kilo moja. Njia bora ya kumsafirisha njiti ni akiwa bado tumboni. Mama mwenye uchungu kati ya wiki 24 na 34, ikiwa umri wa mimba unajulikana na hana dalili za maambukizi, apewe deksamethasoni, dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto, miligramu 6 msulini kabla ya kupanda boti, na barua ya rufaa iandike saa aliyochomwa ili dozi 3 zilizobaki zifuate kila baada ya saa 12. Mtoto akishazaliwa, asafiri kifuani kwa mtu, amefungwa kwa kitenge, kofia kichwani, koti juu yao wote wawili. Kumfunga blanketi na kumlaza pembeni ni kumpoza, kwa kuwa hana mafuta ya kutengeneza joto lake. Joto lipimwe kabla ya kuondoka na liwe kati ya 36.5 na 37.5. Hospitali inayompokea ipigiwe simu. Na mama asiachwe kisiwani. Mtoto akitangulia na shangazi, maziwa yamebaki ng'ambo.

Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemwongezea likizo mama wa njiti aliyeajiriwa. Tunashukuru. Muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba hana mwajiri, na kila siku anayokaa wodini ni siku ya mtaji kuliwa. Kwa hiyo tunaomba chakula kiingizwe kwenye hesabu ya wodi: uji asubuhi, milo miwili, na maji ya kunywa. Mama anayekamua mara 8 kwa chai ya rangi na andazi hataendelea.

Tunaomba utoe waraka kwa hospitali zote za mkoa kufuta saa za kuona kwa wazazi wa njiti, na bajeti ijayo ya kila halmashauri iwe na fungu la vitanda vya kangaroo ndani ya chumba cha uangalizi maalumu chenyewe, si jengo la pili. Kama nafasi ni finyu, tuko tayari kukaa na wahandisi wako kwenye ramani. Kitanda kimoja cha mama kinaweza kuchukua nafasi ya inkubeta moja iliyoharibika, na hizo zipo.

Wako katika kazi,
Wauguzi wa watoto wachanga na wazazi wa njiti, Mwanza