Cheri zako na mabibo yangu

Newala, 20 Oktoba

Ndugu yangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Picha zako za cheri, vile vitunda vyekundu vya huko Michigan, Marekani, zimefika, na mama kazikodolea macho mpaka simu ikaisha chaji. Matunda mazuri, anasema, ila mbona mbegu yake haining'inii nje kama korosho kwenye bibo?

Sasa hili wazo lako la kuotesha cheri chachu kwenye shamba lenu la Tandahimba. Nimesoma, nimeulizia, jibu ni hapana. Mti ule hauchanui mpaka ulale usingizi wa baridi, saa kama 1,000 chini ya nyuzi 7. Baridi ya Julai hapa Newala inatuvalisha masweta, lakini kwa mcheri hiyo si baridi. Utapata majani na kivuli, na kivuli cha mikorosho kinatutosha.

Na hilo soko usilitamani kwa picha. Mwaka 2012, hapo hapo Michigan, joto la Machi liliamsha miti mapema, baridi ya Aprili ikaunguza maua, karibu asilimia 90 ya mavuno ikapotea. Mwaka 2019 wakulima wakaenda kulalamika kwamba cheri kavu za Uturuki zinawaulia bei. Nilicheka peke yangu, maana hayo ni maneno ya mnadani kwetu kabisa. Unakumbuka 2018 tulivyozigomea bei za wanunuzi wa korosho, mpaka serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo?

Kilichonikaa kichwani ni ile mashine ya kuvunia cheri, inayokamata shina na kulitikisa, sekunde chache tu matunda yote yameanguka, yakimbizwe kwenye maji baridi na kiwandani. Cheri chachu haisubiri. Bibo nalo halisubiri! Sisi tunachomoa korosho, bibo tunalitupa palepale. Kilo moja ya korosho ghafi inaacha kilo saba, nane za mabibo chini ya mti. Kidogo kinakuwa uraka, ile pombe ya mabibo, kidogo kinaanikwa kuwa kochoko, mengine ni sherehe ya nzi.

Mwaka jana nilijaribu juisi. Nikakamua, nikatia maji ya wali kupunguza ule ukakasi unaokaba koo, nikachuja kwa kipande cha khanga, nikajaza chupa za soda na kuzikaza. Kuchemsha nikachemsha harakaharaka. Usiku wa tatu, mama yuko kwenye mswala, kifuniko cha kwanza kikalia kama bunduki. Cha pili kikafuata. Nyumba nzima ikanuka uraka, na hadi leo ananiita mgema.

Safari hii nataka kukausha. Wiki ijayo nashuka Mtwara, nipite Naliendele kwa watafiti wa korosho nione wao wanayafanyaje mabibo. Wewe usihangaike na miche. Niulizie cheri kavu zinakaushwa kwa nyuzi ngapi, kwa saa ngapi, na kama zinaloweshwa sukari kwanza. Nipigie picha mitambo, na bei iliyoandikwa kwenye pakiti dukani.

Mama anakusalimu sana. Ukija umletee hizo kavu. Chochote cha kwenye chupa, anasema, kibaki hukohuko.

Nduguyo,
Saidi