Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kichocho, Ada na Suala la Ubwabwa

Ndugu wanachama, mwangaluka.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tumefyeka magugu ufukweni mwa Ziwa Victoria, Igombe na Kayenze, tumetoa elimu shuleni, tumekarabati choo cha mwaloni (mlango umeibwa tena), tumetembelea wagonjwa, tumezika.

Hesabu ni hizi: wanachama 86, waliolipa ada ya shilingi 12,000 ni 31, salio benki 118,400, deni la mabati 95,000. Mkutano wa robo ya pili uliahirishwa kwa kukosa akidi. Wa robo ya tatu tulikuwa kamati peke yetu na mbwa wa mlinzi. Leo nawaona 19. Siku ya ubwabwa, hata hivyo, mlifika wote pamoja na shemeji zenu.

Sasa niingie hapo kwenye ubwabwa, maana najua ndicho kilichowaleta.

Kamati, chini ya uongozi wangu, iliamua shilingi 640,000 zilizotengwa kwa fulana na sherehe ya mwisho wa mwaka zinunue mchele, maharage, mafuta na kuni za chakula cha siku ya kumeza dawa za kichocho. Yamesemwa mengi. Imesemwa mwenyekiti amekula pesa. Ni kweli nilikula, sahani moja, kama ninyi.

Watafiti walipokuja kupima kichocho, wengine mlikataa kutoa choo kikubwa mkidai kinakwenda kuuzwa. Mimi nilitoa cha kwangu mbele ya watu nikaingia hadi ndani kuona kinakopelekwa. Kinachujwa kwenye wavu, kinajazwa kitundu kidogo kinachobeba miligramu 41.7 tu, kinafunikwa kwa karatasi angavu ya selofani, kisha mtaalamu anahesabu mayai kwa darubini na kuzidisha kwa 24 apate idadi kwa gramu moja. Niliangalia kwa jicho langu. Yai refu la mviringo, lina mwiba ubavuni kama wa sato. Hiyo ndiyo Schistosoma mansoni, kichocho cha tumbo. Hakuna mnunuzi.

Minyoo yenyewe inakaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Mayai yakitoka na choo yakafika ziwani yanaanguliwa, vijidudu vinamwingia konokono, vinazaliana humo, vinatoka kwa maelfu na kutoboa ngozi ya anayeosha nyavu au kuteka maji. Mayai yasiyopata njia ya kutoka yanakwama kwenye ini. Miaka ikipita bandama inavimba, tumbo linajaa maji, mtu anatapika damu. Wapo tuliowazika mwaloni hapa tukisema wamerogwa.

Tiba ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600, vikubwa na vichungu. Ukimeza tumbo likiwa tupu unaweza kupata kizunguzungu na kutapika, na mwili unaipokea dawa vizuri zaidi ukiwa umekula. Mmesahau Morogoro mwaka 2008? Watoto walimeza dawa shuleni, wengine wakaumwa tumbo na kutapika, uvumi ukatangulia mbele, wazazi wakavamia shule, kazi ikasimamishwa. Mimi sikutaka hayo Igombe. Fulana ingezuia nani asitapike?

Tena siku yenyewe niliichagua mimi: ilikuwa mbalamwezi, taa za dagaa hazina kazi, wavuvi mko nchi kavu. Hakuna tajiri mwenye mtumbwi aliyepoteza hata karai moja la dagaa. Anayesema nilimharibia kazi aseme alikuwa anavua nini.

Kuhusu wanaolalamika kwamba walimeza na baadaye wakakutwa tena na ugonjwa: dawa inaua minyoo iliyokomaa, michanga haiui, na haikukingi usiambukizwe upya. Chanjo haipo. Ukimeza leo ukarudi kujisaidia kwenye matete, chama kifanye nini? Na uvumi kwamba dawa inamaliza nguvu za kiume naukanusha rasmi. Kamati nzima ilimeza.

Kwa muda mrefu dawa hizi zilielekezwa zaidi kwa watoto wa shule. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2022 unataka zifike kwa kila mtu kuanzia miaka 2, pale maambukizi yanapofikia asilimia 10. Mvuvi naye anahesabika, jambo nililolisema mkutanoni kabla ya mwongozo huo, na mkanicheka.

Mwaka ujao tunatarajia kupata wafadhili, kujenga choo cha pili, kuwaomba watafiti wa NIMR Mwanza, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, waje kutufundisha zaidi kuhusu konokono, na Mungu akijalia kidonge cha watoto wadogo, kilichopata ithibati ya WHO mwaka 2024, kitufikie. Fulana nazo zitaangaliwa, fedha ikiruhusu.

Fedha itaruhusu wale 55 wakilipa. Majina yamebandikwa mlangoni. Nilishauriwa nisibandike, nimebandika. Mweka hazina anacho kitabu cha stakabadhi na atakaa hapo hadi saa kumi. Asiyelipa hatapiga kura ajenda ya uchaguzi itakapofika, akiwemo aliyechukua fomu ya kugombea nafasi yangu.

Naomba taarifa ipokelewe.