Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Mawakala wa Bima, mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Mwaka 2024 tuliupokea na maji. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 zilikuwa zimeshaua zaidi ya watu 80 kule Hanang, pale tope lilipoporomoka kutoka mlimani na kuuvamia mji wa Katesh tarehe 3 Desemba. Aprili, Waziri Mkuu alilieleza Bunge kuwa watu 155 wamepoteza maisha nchini na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Rufiji ikafurika. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikafika eneo la Mafia na kupungua nguvu, lakini mvua yake iliikata barabara ya Lindi pale Somanga. Nayakumbusha haya kwa sababu karibu kila kikao cha kamati mwaka huu kiliishia kwenye madai ya mafuriko, na taarifa hii nayo itaelemea huko.

Ya ndani ya Chama nayamaliza haraka. Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma. Wanachama wapya wamejitokeza, wengi wao vijana wa stika za magari. Karibuni sana, ila msibaki hapo. Bima ndogo ya gari dogo, elfu 118 pamoja na VAT, inajiuza yenyewe kwa kuwa trafiki yuko barabarani. Kazi yetu hasa inaanza pale ambapo hakuna trafiki.

Sasa mafuriko. Mwanachama mmoja alinipeleka Mbagala kwa mteja wake, muuza vifaa vya ujenzi. Maji yalikuwa yameacha mstari wa udongo ukutani, usawa wa kiuno. Mifuko ya saruji ya chini ilikuwa imeganda kuwa mawe, makopo ya rangi yamebanduka karatasi, hujui lipi ni jeupe lipi ni la kijani. Mkadiriaji hasara alipima, akapiga picha, kisha akaomba hati. Ilikuwa bima ya moto, na moto tu. Nyongeza ya mafuriko na tufani iliondolewa siku ya kukata bima ili ada ishuke na mteja asihamie kwa wakala wa jirani. Mteja mwenyewe hakujua kuwa kuna kitu kimeondolewa. Kampuni ilikataa dai, na kwa namna mkataba ulivyoandikwa, ilikuwa na haki.

Madai ya aina hiyo yametufikia mengi. Bima ya moto ikiwa peke yake inalipa moto na radi, na milipuko kwa masharti. Mafuriko, kimbunga na tetemeko vinaongezwa kwa kuombwa na kulipiwa. Wenzetu wa Bukoba walilijua hilo tangu tetemeko la Septemba 2016. Sisi wa Pwani tumelijua mwaka huu, ingawa Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952 na Unguja mwaka 1872. Siku Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza Hidaya, simu zilianza kuita: watu wakitaka nyongeza ya mafuriko, ianze leo leo. Kampuni zilishafunga mlango, na ndivyo inavyopasa, maana anayekata bima akiwa ameshaliona wingu anataka kulipiwa hasara kwa fedha za wenzake.

Kamati iliandika mapendekezo kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). La kwanza: kila anayekata bima ya jengo au ya bidhaa apewe karatasi moja ya Kiswahili inayoorodhesha majanga ya asili, na mbele ya kila janga aweke sahihi kuwa amelikubali au amelikataa. Wapo wanachama waliolalamika kuwa karatasi hiyo itawafukuzia wateja. Huenda wengine wakaondoka kweli, lakini napenda tuwapoteze siku ya kuuza kuliko siku ya hasara.

La pili linahusu sheria. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, la Karume likafuata Januari 2022, na Sheria ya Fedha ya 2022 ikafanya bima kuwa ya lazima kwa masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoingizwa nchini na vyombo vya majini. Sheria ni nzuri. Nani anakagua? Gari linakaguliwa kwa namba, na mfumo wa kompyuta wa Mamlaka, TIRA-MIS, unajibu palepale. Jengo halisimamishwi na askari. Uturuki, baada ya tetemeko la 1999, ilianzisha bima ya lazima ya matetemeko kwa nyumba za makazi, na leo ukitaka kuhamisha umiliki wa nyumba au kuunganishiwa umeme unaulizwa hati hiyo kwanza. Tumependekeza ukaguzi wa aina hiyo uwekwe kwenye leseni ya biashara, ambako mfanyabiashara anakwenda kila mwaka atake asitake. Tena wateja waelezwe kuwa bima ya jengo la soko ni ya mwenye jengo. Vitenge vya mpangaji havimo. Ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka Novemba mwaka huu, swali tuliloulizwa sana na wafanyabiashara lilikuwa hilohilo.

La tatu halikwenda kwa Mamlaka, linatuhusu wenyewe, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Fungueni fomu mlizojaza mwaka huu, mtazame sehemu ya "mahali mali ilipo". Nyingi zimeandikwa "Ilala" au "Dar es Salaam" basi. Kampuni inayopokea fomu hizo haina namna ya kujua kama bima mia ilizoziuza zimetawanyika mjini au zote zimekaa bonde la Msimbazi, zikisubiri usiku mmoja wa mvua. Na kampuni ya bima mtawanyo, yaani ile inayozikatia bima kampuni za bima zenyewe na kubeba sehemu kubwa ya mzigo huo, ikinunua gizani inatoza bei ya gizani, na bei hiyo anailipa hadi mteja wa Kimara juu ambaye maji hayamfiki. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba zimewekewa namba na mitaa imepewa majina. Andikeni jina la mtaa na namba ya nyumba. Hakuna gharama.

Kuhusu bei tulibishana sana. Baada ya mvua, baadhi ya kampuni zilitaka kupandisha ada ya maeneo ya mabondeni, nyingine zikataka kujitoa kabisa. Baadhi yenu mlitaka Chama kidai ada moja kwa mji mzima. Kamati ilikataa. Ada isiyofuata hatari huimaliza kampuni, na kampuni iliyokufa hailipi fidia. Tunachopinga ni kujitoa katikati ya mwaka bila taarifa. Na nyumba iliyojengwa kwenye mkondo wa mto dawa yake si bima. Dawa ni kuhama kwa fidia, kama inavyofanyika katika mradi wa Bonde la Msimbazi.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Tumeomba mawakala waalikwe kwenye kamati za wilaya, hasa Rufiji, Kibiti na Mafia, ili hesabu ya mali iliyo hatarini ifanywe kabla ya masika.

Kwa mnaouza bima ya kilimo kupitia konsotia, yaani muungano wa kampuni za bima, iliyoanzishwa 2023, neno moja. Malawi ilinunua bima ya ukame kutoka African Risk Capacity, taasisi ya Umoja wa Afrika ya bima ya majanga, ukame wa 2016 ukaja, na kompyuta ikasema hakuna cha kulipa. Ilikuwa imekadiria aina ya mahindi ambayo wakulima hawakuipanda. Baada ya marejeo zililipwa dola milioni 8.1, zikiwa zimechelewa. Kabla ya kumuuzia mkulima bima ya kipimo cha mvua, inayolipa kwa kufuata vipimo badala ya kukagua shamba, mwulizeni kapanda mbegu gani.

Mteja mwenye dai lililokataliwa aelekezwe Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kwenda mahakamani. Na muwakumbushe thamani: mali ya milioni 100 ikikatiwa bima ya milioni 40, hasara ya milioni 10 inalipwa kwa uwiano huohuo, yaani milioni 4.

Kamati inaomba mkutano upitishe mambo mawili: karatasi ya majanga itumiwe na wanachama wote kuanzia Machi, bila kusubiri Mamlaka, na fomu isiyo na anwani kamili irudishwe kwa aliyeijaza. Ada ya uanachama inabaki ilivyo.

Mwenyekiti